Kilatini kisomwe kwa mlango wa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba maneno ya Kilatini "yamemwagwa kama dagaa kwenye chanja", na kwamba kijana aliyekariri majedwali yote bado hawezi kusoma mistari kumi ya Caesar, jemadari na mwandishi wa Kirumi, bila kuchungulia tafsiri ya Kiingereza. Kuhusu mistari kumi amesema kweli. Kuhusu dagaa, hapana. Kinachomkwamisha kijana ni njia anayopitishwa: anatoka kwenye Kilatini, anakwenda kwenye Kiingereza, ndipo anarudi kwenye Kiswahili akiwa amechoka. Vitabu vya sarufi tunavyotumia huku kando ya ziwa viliandikiwa Waingereza na Wamarekani. Vinamaliza kurasa nyingi kutibu maradhi ambayo sisi hatuna, na maradhi yetu hayamo humo.

Tuanze na kitenzi, maana ndicho chepesi. Mwingereza hushangaa kwamba amabitis, neno moja, limebeba nafsi, wakati na tendo. Sisi tutashangaa nini, wakati mtapenda nalo ni neno moja? Tofauti ni kwamba sisi tunatanguliza nafsi, inafuata alama ya wakati, mwisho shina: m-ta-penda. Mrumi alianzia upande wa pili: ama-bi-tis. Basi kitenzi cha Kilatini kikaguliwe kuanzia mkiani. -tis ni ninyi, -bi- ni "ta" yetu, ama- ni penda. Ukizoea kukagua hivyo, hutamtafuta kiima kila mahali katika sentensi kana kwamba amepotea; mara nyingi yumo ndani ya kitenzi, kama alivyo ndani ya "tumefika".

Penye hatari ni lile umbo tunalolimalizia kwa -e: aende, apende, aseme. Kilatini nacho kina umbo la namna hiyo, subjunktivu, na kwa bahati nzuri amet ni "apende" kabisa, -e kwa -e. Mwanafunzi wa Kiswahili hufurahi hapo, akadhani amepata kanuni. Kumbe -e hiyo ni ya kundi la kwanza la vitenzi tu. Makundi mengine hutumia -a-: moneat (aonye), dicat (aseme), audiat (asikie). Ndiyo maana herufi R.I.P. tunazoziona makaburini ni requiescat in pace, apumzike kwa amani, na si requiescet. Requiescet ipo, lakini maana yake ni "atapumzika", kwa sababu katika kundi la tatu na la nne -e- ndiyo alama ya wakati ujao. Dicat ni "aseme", dicet ni "atasema". Halafu dicam inaweza kuwa "niseme" au "nitasema", na hapo umbo pekee halikusaidii. Itazame sentensi nzima.

Dawa yake inachukua nusu dakika. Kamusi hutoa kila kitenzi kwa sehemu nne: dico, dicere, dixi, dictum. Itazame sehemu ya pili. Ikiisha kwa -are, basi -e- ni ya "apende". Isipoishia hivyo, -a- ndiyo ya "aseme", na -e- ukiikuta katika kundi la tatu au la nne, soma wakati ujao. Anayekariri maana ya dico bila hiyo dicere ni kama mtu anayejua neno "kiboko" bila kujua ngeli yake.

Na hicho kiboko kinanipeleka kwenye hayo yanayodaiwa kumwagwa. Ukisema "kiboko huyu" kila mtu ukingoni mwa ziwa anajua aondoke majini. Ukisema "kiboko hiki" umeshika fimbo. Umbo la nomino halikubadilika. Upatanisho ndio uliotenganisha mnyama na fimbo. Vilevile hatusemi "kijana kizuri" eti kwa sababu neno linaanza na ki-. Mswahili anajua tangu utotoni kwamba upatanisho hauhitaji silabi zifanane. Huo ni mtaji mkubwa, lakini darasani hauguswi, na mwanafunzi anaambiwa atafute maneno "yenye mwisho unaofanana". Akifundishwa hivyo, mshairi wa Kirumi Vergilius atamwangusha katika mstari wa kwanza kabisa wa mashairi yake ya wachungaji:

Tityre, tu patulae recubans sub tegmine fagi
silvestrem tenui Musam meditaris avena

Tuipite mistari hii miwili polepole, kwa mpangilio wake, bila kurukia kitenzi. Tityre ni mwito: ewe Tityrus. Tu ni wewe. Patulae ni kivumishi, "-pana, -liotanda", cha jinsia ya kike, na umbo hilo linaweza kuwa genitivu ya umoja (umbo la umiliki), dativu ya umoja (umbo la anayepewa) au nominativu ya wingi (umbo la kiima). Nomino yake haijafika. Usitafsiri. Weka alama ya penseli, liache wazi, uendelee. Recubans, "ukiwa umejilaza", ni nominativu ya umoja. Linakwenda na tu. Sub tegmine, "chini ya kifuniko", limekamilika, ila linauliza: kifuniko cha nini? Hapo ndipo fagi linapofika: cha mti wa fagus. Na patulae? Fagus inaishia -us kama nomino za kiume, lakini miti mingi katika Kilatini ni ya kike, kama vile watu walivyo ngeli ya m-/wa- hata neno likiwa "kipofu". Basi patulae na fagi ni kitu kimoja: mti wa fagus uliotanda. Maneno mawili yasiyofanana mwisho, yamewekwa kando mbili, na katikati yao yupo mchungaji amejilaza. Kivuli kimemzunguka hata ndani ya mstari. (Asiyewahi kuona fagus afikirie mwembe mkubwa, mkao ni uleule.)

Mstari wa pili ni mgumu zaidi, na mitego yake ni mitatu. Silvestrem, "-a msituni", ni akusativu (umbo la shamirisho), linasubiri nomino. Tenui ni mtego wa kwanza, kwa kuwa linaweza kuwa ablativu (umbo la "kwa" au "kutoka") ya tenuis, "-embamba", na linaweza pia kuwa kitenzi, "nilishika". Hata urefu wa irabu hautenganishi mawili hayo. Anayeona "nilishika" ajiulize: huyo "mimi" ametoka wapi, ilhali mshairi anazungumza na tu na hakuna kiunganishi kilichomleta mtu mwingine? Basi ni "-embamba", na nalo linasubiri. Musam linafika na kumchukua silvestrem: Musa (si nabii, bali mungu wa kike wa nyimbo) wa msituni, yaani wimbo wa porini. Meditaris ni mtego wa pili. Nitaurudia hivi punde. Mwisho avena, bua, yaani filimbi ya bua. Hapa upo mtego wa tatu: maandishi mengi hayaweki mstari juu ya irabu ndefu, kwa hiyo avena ya nominativu na avena ya ablativu zinaandikwa sawa. Ila tenui bado linadai nomino yake, na nafasi ya kiima imeshajazwa na tu. Kwa hiyo: "unajaribia wimbo wa porini kwa filimbi ya bua jembamba." Angalia jinsi vivumishi viwili vilivyotangulia na nomino zake mbili zikafuata kwa zamu ileile. Mtu aliyemwaga dagaa hapangi hivyo.

Sasa meditaris. Mwisho wake -ris ni wa kutendwa, kama "unapigwa", lakini maana ni ya kutenda, na akusativu Musam ameshikamana nalo. Vitabu huviita vitenzi hivi deponenti na kuvieleza kama maajabu. Mswahili anavyo kinywani kila siku. "Elewa" imetokana na "elea", mambo kuwa wazi kwa mtu. Ile -w- ni ya kutendwa, lakini leo tunasema "nimeelewa somo", tuna shamirisho na hatuoni ajabu. Ongeza "chelewa". "Zaliwa" nayo ina -w- kwetu, na kwa Warumi ni deponenti, nascor. Kwa hiyo unapokutana na sequor (fuata), loquor (sema), hortor (himiza), usilazimishe kutendwa: ziweke pamoja na elewa.

Faida kubwa iko kwenye partisipu (vitenzi vilivyogeuzwa kuwa vivumishi) za vitenzi hivi, mahali ambapo wanafunzi wengi hupindua maana. Vocatus ni "aliyeitwa", lakini cohortatus ni "akiisha kuhimiza", maana cohortor ni deponenti. Ukisoma Caesar milites cohortatus, aliyehimiza ni Caesar, na milites ni waliohimizwa. Anayesoma "Caesar aliyehimizwa" atabaki na milites asiyejua pa kuwaweka, na hapo ndipo huanza kulaumu mpangilio wa maneno.

Kwa kuwa msomaji wako amemtaja Caesar, tuchukue sentensi yake moja, mwanzoni mwa kitabu cha kwanza cha vita vya Galia, kuhusu mtu aitwaye Orgetorix: Is M. Messala et M. Pisone consulibus regni cupiditate inductus coniurationem nobilitatis fecit et civitati persuasit ut de finibus suis cum omnibus copiis exirent. Ni ndefu, lakini ina viungo vinne tu.

M. Messala et M. Pisone consulibus ni ablativu iliyojitenga: "Messala na Piso wakiwa makonsuli" (watawala wawili wa mwaka huo), yaani mwaka 61 kabla ya Kristo. Hakuna partisipu humo kwa sababu kitenzi "kuwa" hakikuwa na partisipu ya wakati uliopo. Weka "wakiwa" mwenyewe. Ablativu ya namna hii inatamkika vizuri kwa -ki-, kwa -po- au kwa "baada ya". Urbe capta ni "mji ulipotekwa", "mji ukiisha kutekwa", na mahali pengine hata "ingawa mji umetekwa". Chagua kufuatana na habari, usishikilie moja kila mara. Kipimo ni hiki: nomino iliyomo isiwe kiima wala shamirisho la sentensi kuu. Ndiyo maana inductus hapa ni nominativu: aliyesukumwa ni Is mwenyewe, kwa hiyo hajajitenga. "Akisukumwa na tamaa ya ufalme." "Na" yetu hutumika kwa mtu na kwa kitu, Kilatini hutaka ab kwa mtu, na kwa kitu ablativu tupu. Usipokumbuka hilo utaiona cupiditate peke yake na kuitafutia kihusishi ambacho hakipo.

Coniurationem nobilitatis fecit ni "alifanya njama ya wakuu". Civitati, "taifa lake", ni dativu, kwa sababu persuadeo humpa mtu ushawishi, haumshiki moja kwa moja. Wenzake ni credo (amini), parco (hurumia), noceo (dhuru), pareo (tii), impero (amuru). Viandikwe kwenye karatasi moja, vibandikwe ukutani. Sijaona njia ya mkato. Kisha ut ... exirent ni "ili watoke", kwa Kiswahili chetu cha kawaida "kwamba watoke". Mbona wingi, ilhali civitas ni umoja? Kwa sababu wanaotoka ni watu, kama tunavyosikia "familia wamekwenda Ukerewe". Na mbona exirent, si exeant? Kwa sababu persuasit ni jambo lililopita. Kiswahili hakibadilishi: amemshawishi atoke, alimshawishi atoke. Kilatini kinabadilisha, na badiliko hilo ni taa ya bure. Venit bila alama ya urefu ni "anakuja" au "alikuja"; ukikuta venit ut videat, soma "anakuja ili aone", ukikuta venit ut videret, soma "alikuja ili aone". Jibu liko mbele ya kitenzi, usikwame palepale.

Cum katika sentensi hiyo ni "pamoja na", kwa kuwa ablativu omnibus copiis imefuata. Ukikuta cum bila ablativu ya kuitegemea na subjunktivu inakuja nyuma, ni "-lipo-" au "kwa kuwa". Gerundivu nayo ni rahisi kwa Mswahili, kwani ni "-a ku-...-wa" yetu: liber legendus, kitabu cha kusomwa. Madaktari wanaoandika t.d.s. kwenye cheti cha dawa wanaandika ter die sumendum, ya kunywewa mara tatu kwa siku.

Sasa maradhi yetu wenyewe, yale ambayo vitabu havituonyi. Kilatini cha kale hakina "kwamba". Badala ya "naona kwamba wewe ni nabii", mwandishi wa Kirumi kama Cicero angeweka akusativu na kitenzijina (hapa esse, "kuwa"): video te prophetam esse. Vijana waliolelewa kwenye Biblia ya Kilatini ya kanisani hupigwa na butwaa hapa, kwa sababu Injili ya Yohana inasema video quia propheta es tu, na quia hiyo ni "kwamba" tupu. Kuanzia Yohana ni vizuri, mimi mwenyewe ningependekeza hivyo, ila mwalimu atamke mapema kwamba kwa Cicero mlango huo umefungwa.

Kwa upande wa nyakati tuna nafuu. Dixit se venire ni "alisema anakuja", venisse, "amekuja", venturum esse, "atakuja". Tunaacha wakati kama ulivyotamkwa na msemaji, Kilatini vilevile. Anayepitia Kiingereza anarudi na "alisema kwamba alikuwa anakuja", amebeba mzigo usio wake.

Lakini angalia se. Mvuvi wa soko la samaki la Mwaloni akisema "atakuja", ni yeye au mwenzake? Kiswahili kinanyamaza. Kilatini hakinyamazi: piscator dixit se venturum esse, atakuja mwenyewe, eum venturum esse, atakuja mtu mwingine. Vilevile "mvuvi aliuza mtumbwi wake": lintrem suam vendidit, aliuza mali yake halali, lintrem eius vendidit, aliuza ya mwenzake, na kesi iko njiani. "Wake" yetu moja inameza tofauti hiyo, na "yeye" yetu inameza tofauti ya mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo wanafunzi wetu huandika tafsiri inayosikika sawasawa huku watu wamebadilishana matendo. Kila se, suus, is na eius ichorewe mshale hadi kwa mtu wake kabla ya kusonga mbele. Ndani ya maneno yaliyoripotiwa, suus inaweza kumrudia msemaji mkuu, hivyo mshale usikimbilie jina la karibu. Na akusativu mbili zikikutana, hata Warumi walicheka: Cicero anaunukuu utabiri aliousimulia mshairi Ennius, ambao mfalme Pyrrhus aliambiwa te Romanos vincere posse, "wewe kuweza kuwashinda Warumi" au "Warumi kuweza kukushinda wewe", halafu anaongeza kwa kejeli kwamba Apollo, mungu wa utabiri, hakuwahi kusema Kilatini.

Kuhusu mazoezi: mistari mitano hadi minane kwa siku inatosha. Isome kwa sauti mara tatu kabla ya kufungua kamusi. Penseli iweke alama kwenye maneno yanayosubiri, usiandike Kiswahili juu ya mistari, kwa sababu siku ya pili jicho litasoma Kiswahili na kukiacha Kilatini. Programu za simu zinazochambua maneno zina msaada, ila ukiingiza tenui zitakupa majibu yote mawili, na mwanafunzi mvivu huchukua la kwanza.

Wanaodai lugha hii haituhusu wakumbuke kwamba Augustino, ambaye jina lake liko kwenye lango la chuo kikuu pale Malimbe, alikuwa Mwafrika wa Thagaste, na alichoandika alikiandika kwa Kilatini. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikisoma Kilatini seminarini Rubya, akaja kuandika riwaya yake kwa Kikerewe.

Msomaji wako ajaribu hii, bila tafsiri pembeni: Piscatores, vento cadente, dixerunt se retia sua in lacu relicturos esse. Upepo ulifanya nini, nyavu ni za nani, na kungebadilika nini kama pale penye se pangekuwa na eos?

Mwalimu wa Kilatini,
Nyegezi, Mwanza